Manatii chini ya boti yako: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayehamia kuishi kwenye boti huko Florida, Marekani, hachelewi kukutana na manatii, mnyama mkubwa wa majini anayefanana na nguva. Usiku anasikia mkwaruzo chini ya kitanda, kama mtu anayesugua sufuria, akadhani boti imegusa mwamba. Kumbe ni mnyama wa karibu nusu tani anayekula mwani ulioota ubavuni. Gatini utasimuliwa mengi juu yake, na baadhi yanamponza.

"Ana kiu, mpe maji." Hili ndilo linalopendwa zaidi, na kwangu ndilo baya kuliko yote. Ni kweli anapenda maji yasiyo na chumvi: atakuja chini ya mpira wa maji unaovuja, ajigeuze chali, afungue mdomo, na watu watapiga picha. Lakini mito na chemchemi anazijua mwenyewe tangu kabla gati halijajengwa. Akishazoea mpira, anashinda palepale injini zinapoingia na kutoka. Mtoto wake, anayemfuata mama kwa mwaka mmoja hadi miwili, anajifunza hivyohivyo. Kumpa maji au chakula ni kosa kisheria. Funga bomba, hata linalodondosha tu.

Hapo atatokea mtu akukumbushe kwamba serikali yenyewe iliwalisha letusi. Ndiyo, majira ya baridi ya 2021 kuelekea 2022, baada ya manatii zaidi ya 1,100 kufa mwaka 2021, wengi kwa njaa, kwa kuwa uchafuzi ulikuwa umeua nyasi za baharini katika Indian River Lagoon, wangwa ulio pwani ya mashariki ya Florida. Ilikuwa dharura iliyosimamiwa na wataalamu. Wewe hukupewa kibali.

"Mwili wote ule ni mafuta, hasikii baridi." Mafuta yake ni kidogo mno. Maji yakikaa chini ya nyuzi 20 za Selsiasi kwa muda, anaweza kufa. Ndiyo maana wakati wa baridi manatii hujazana kwenye chemchemi za maji vuguvugu za Crystal River na Blue Spring, na kwenye maji ya moto yanayotoka mitambo ya umeme. Ukimkuta kalala chini kimya, hajafa: akipumzika anaweza kukaa hadi dakika 20 bila kupumua. Ukimfukuza, unampeleka kwenye baridi.

"Nimezungushia rafadha (panga la injini linalosukuma boti) kizuizi, yuko salama." Hatakatwa, labda. Wengi huuawa na kishindo cha boti yenyewe, mbavu zikavunjika na kutoboa mapafu. Anayeelea ameinamia upande mmoja, asiweze kuzama, hachezi. Toa taarifa kwa Tume ya Samaki na Wanyamapori ya Florida. Dawa ni mwendo wa polepole na miwani ya kukata mng'ao. Tafuta miduara laini juu ya maji, inayoachwa na mkia wake.

"Ndiye nguva wetu wa Lamu na Mafia." Ni ndugu tu. Nguva wetu habanduki kwenye maji ya chumvi, na mkia wake una panda. Wa manatii ni wa duara. Afrika pia ina manatii wake, ila upande wa Atlantiki, kuanzia Senegal hadi Angola.