Mbawakawa wa mayungiyungi: namna ya kumtambua na maisha yake chini ya maji

Picha za mbawakawa huyu hutufikia mara nyingi zikiwa na swali lile lile: je, huyu ndiye anayetoboa mbao? Si yeye. Ni kweli ana mwili mwembamba, miguu mirefu na vipapasio virefu kama watoboa mbao, lakini huyu, ambaye kisayansi huitwa Donacia crassipes, ni wa familia ya Chrysomelidae, yaani mbawakawa wala majani. Mtazame macho. Mtoboa mbao mara nyingi huwa na jicho lililobonyea pale kipapasio kinapoota. La Donacia ni la mviringo.

Ana urefu wa takriban milimita 9 hadi 11, na mgongo wake hung'aa kama madini: kijani, shaba, pengine na mmeto wa zambarau. Rangi peke yake isikushawishi, maana hubadilika kutoka mdudu mmoja hadi mwingine. Tumboni ana vinyweleo laini vya rangi ya fedha vinavyoshika hewa, hivyo akianguka majini haloi. Mmea alipo unasema mengi zaidi: huyu huishi kwenye yungiyungi la manjano (Nuphar lutea) na yungiyungi jeupe (Nymphaea alba), katika mabwawa na mito ya Ulaya inayokwenda polepole.

Ukiona jani linaloelea lina tundu la mviringo, ligeuze. Jike hutafuna tundu hilo, akapenyeza ncha ya tumbo lake na kutaga mayai upande wa chini, yakiwa yamepangika kama upinde kulizunguka tundu. Mabuu wakianguliwa hushuka hadi topeni, wakala mizizi na mashina ya chini.

Huko topeni oksijeni ni haba mno, na buu hana matamvua kama ya samaki. Mwishoni mwa mwili wake mweupe mnene ana miiba miwili iliyojipinda. Huidunga kwenye mzizi, ambao ndani yake mna njia za hewa inayoshuka kutoka majanini, naye huvuta pumzi humo. Mimi sijaona ujanja unaoupita huu kwa wadudu wa maji. Chakula chake nacho ni hafifu, ila bakteria wanaoishi mwilini mwake humtengenezea asidi amino (vijenzi vya protini) asizozipata kwenye mmea.

Akikomaa hujifungia katika kifukofuko kilichogandamana na mzizi, na hewa ya mmea hukijaza hicho pia. Humo huwa pupa, kisha mbawakawa kamili. Kwenye maji ya baridi, safari nzima inaweza kupita mwaka mmoja.

Wenye mabwawa ya bustani wasikimbilie dawa: haimfikii buu aliye topeni, na huua viumbe wengine wa bwawa. Ukitaka kutambuliwa mdudu wako, piga na picha ya mguu wa nyuma, kwa kuwa meno ya pajani husaidia kutenganisha spishi, na utaje mmea uliomkuta.