Kwa nini saa ya timazi kutoka Ulaya huchelewa ikitundikwa Lamu?

Nyumbani kwa babu, mtaa wa Mkomani, saa ya ukutani ilitundikwa ukumbini kando ya zidaka. Kila Ijumaa, akitoka msikitini, babu alifungua kijimlango cha kioo, akatia ufunguo, kisha akasogeza mshale mrefu mbele kwa robo saa hivi. Hakukosa Ijumaa hata moja, na hakuna Ijumaa aliyoikuta saa ikienda sawa. Tuliambiwa ni joto la Lamu na chumvi ya bahari, nami niliamini hivyo miaka mingi. Joto lina sehemu yake, lakini ni ndogo mno. Sababu kubwa iko chini ya miguu yetu.

Ndani ya saa ya namna hii mna kamani, utepe mrefu wa chuma cha pua uliokunjwa mviringo. Ukitia ufunguo unaikaza, nayo muda wote inataka kujikunjua. Ikiachwa huru, itajikunjua kwa dakika chache na magurudumu yatazunguka kama pia. Kwa hiyo gurudumu la mwisho huzuiwa na kipande cha chuma chenye ncha mbili, ambacho kwa umbo lake huitwa nanga. Nanga imeungana na timazi, ule uzito unaoning'inia na kubembea, ndugu wa timazi ya waashi. Timazi ikienda huku, nanga huachia jino moja. Ikirudi, huachia jingine. Ndiyo tik na tak unayoisikia. Na kila jino likipita huipa timazi msukumo mdogo, isije ikasimama. Nguvu hutoka kwenye kamani, lakini mwendo huamuliwa na timazi.

Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyetengeneza saa ya timazi ya kwanza, mwaka 1656. Uzuri wa timazi ni kwamba muda wa kubembea kwake hautegemei uzito wake. Hutegemea mambo mawili: urefu wake, na jinsi ardhi inavyoivuta. Timazi ya karibu mita 1 huchukua sekunde 1 kwenda upande mmoja. Ya sentimita 25, kama zilizomo katika saa nyingi za ukutani, huchukua nusu sekunde.

Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikuwa Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, kwa kazi ya kupima nyota. Saa yake ya timazi, iliyokwenda barabara Paris, ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Ilimbidi aifupishe timazi. Baadaye Isaac Newton aliutumia ushahidi huo kuonyesha kwamba dunia si mviringo kamili: imetuna katikati na kubonyea kwenye ncha zake za kaskazini na kusini. Aliye ikweta yuko mbali zaidi na kitovu cha dunia, kwa kilomita 21 hivi kuliko aliye nchani, na mzunguko wa dunia nao humpunguzia uzito kidogo. Kwa hiyo mvuto hapa kwetu ni hafifu zaidi, na timazi hubembea pole pole.

Sasa piga hesabu ya Lamu, iliyo kama digrii 2 tu kusini mwa ikweta. Mvuto wa London ni 9.81 kwa vipimo vya wanasayansi. Wa Lamu ni 9.78. Tofauti hiyo, ndogo hivyo, huichelewesha saa iliyorekebishwa London kwa zaidi ya dakika 2 kwa siku. Kwa wiki ni robo saa na ushei, ileile robo ya babu! Malindi hali ni hiyohiyo. Joto je? Likizidi kwa digrii 10, timazi ya chuma hurefuka kiasi cha kuichelewesha saa sekunde 5 tu kwa siku.

Dawa yake iko chini ya timazi: nati ndogo. Isimamishe timazi kwa mkono, uishike isijipinde, kisha zungusha nati mpaka uzito upande kidogo. Ikipanda, saa hukimbia. Ikishuka, hupunguza mwendo. Kwa timazi ya sentimita 25, ukiupandisha uzito kwa chini ya milimita 1 tu, umefuta dakika zote mbili. Nati ya saa ya babu ilikuwa imeshikwa na kutu, na hakuna aliyewahi kuigusa.

Kuhusu ufunguo, saa yenye matundu mawili ina kamani mbili: moja ya mwendo, moja ya kengele. Nyingi hukaa siku 8, ndiyo maana kuchagua siku moja ya wiki kunafaa sana. Siku ya nane ni ya akiba ukisahau. Kaza taratibu hadi ufunguo ukatae. Watu husema saa imekufa kwa kukazwa mno, lakini mara nyingi kilichoiua ni mafuta yaliyokauka na vumbi. Na tafadhali, usitie mafuta ya nazi: yataganda na kunata. Mafuta ya saa hutiwa tone dogo kwenye vishimo vya ekseli, kamwe si kwenye meno. Kamani yenyewe mwachie fundi, maana ikifyatuka hukata vidole. Ukisogeza mshale, usiurudishe nyuma, na kengele ikianza, ngoja imalize.

Mwisho, sikiliza. Tik na tak ziwe na nafasi sawa, kama hatua za mtu asiyechechemea. Kuta zetu za matumbawe hazijanyooka, na saa iliyoinama husimama hata kamani ikiwa imejaa. Sogeza sehemu ya chini ya sanduku kushoto au kulia kidogo kidogo mpaka sikio likubali, kisha chora mstari mwembamba wa penseli ukutani kando yake, maana atakayefuta vumbi wiki ijayo ataisukuma bila kujua.