Penseli ndo iwe ya mwisho, jamani

Mi ni mtaalamu wa tiba kazi kwa watoto, yaani nawasaidia waweze kufanya shughuli zao za kila siku wenyewe, kwa hiyo huwa naitwa kwenye darasa la chekechea pale mwalimu anapoona mtoto "hajui kushika penseli". Na mara nyingi nikikaa pale nyuma asubuhi nzima nikaangalia, naona tatizo wala si penseli. Mtoto wa miaka 3 amewekwa kwenye kiti anafuatisha vidoti vya herufi a mpaka amechoka, halafu ukifika muda wa kutoka nje mwalimu anamfunga zipu, anamfungulia chupa ya maji, anamvalisha viatu, akirudi anamfutia na meza. Yaani zile kazi zenyewe ambazo zingemjengea misuli midogo tunamfanyia sisi, kisha tunamdai mwandiko mzuri!

Hebu tuangalie mkono wenyewe kwanza. Kifundo cha mkono cha mtu mzima kina mifupa midogo 8, ila mtoto anapozaliwa sehemu hiyo bado ni gegedu tupu (ile laini kama ya sikioni), inageuka mfupa kidogo kidogo, na ukimpiga eksirei mtoto wa chekechea utakuta mingine bado haijaonekana. Juu ya hapo, mtoto anaanza kuumudu mkono kutoka juu kushuka chini: bega, kiwiko, kifundo, vidole ndo vinafuata mwishoni. Ndo maana wa miaka 2 anachora kwa mkono mzima, kreyoni ameishika kwa ngumi, na hajakosea kitu. Baadaye vidole vinaelekea chini kwenye karatasi, akikaribia miaka 4 wengi wanaanza kutumia vidole vitatu ila bado mkono ndo unatembea, na kati ya miaka 4 na 6 ndo vidole vyenyewe vinaanza kuiendesha penseli. Hizo hatua huwezi kuziruka kwa kumkemea mtoto.

Sasa kama bega na kifundo ndo msingi, toa karatasi mezani. Ibandike ukutani usawa wa macho ya mtoto, achore akiwa amesimama. Kifundo kinakunjika kuelekea nyuma chenyewe bila wewe kusema neno, na huo ndo mkao anaouhitaji kuandikia, bega nalo linafanya kazi kwa sababu mkono umeinuliwa. Halafu zile kreyoni zilizovunjika usizitupe! Kipande kifupi hakina nafasi ya vidole vitano, mtoto anajikuta ameshika kwa vitatu bila somo lolote. Mi hata nzima huwa nazivunja, walimu wananishangaa.

Mkasi nauongelea kwa kirefu kidogo kwa sababu hapo ndo watu wanaharakisha. Wengi wanampa mtoto karatasi nyembamba yenye duara wanamwambia kata, karatasi inajikunja katikati ya mkasi, mtoto analia, mkasi unarudishwa kabatini mpaka mwakani. Anza na udongo wa kufinyanga, aviringishe kamba ndefu halafu aikate vipande, hapo mikono yote miwili imeshafanya kazi. Kisha mpe karatasi ngumu, kama kadi, uliyoikata vipande vyembamba ili akibana mara moja tu kipande kidondoke, maana furaha yake yote iko kwenye kudondoka. Mstari ulionyooka unafuata baadaye, duara kwa wengi ni mpaka miaka 4 au 5 hivi. Wakati anakata wewe angalia kidole gumba: kinatakiwa kiangalie juu, mkono wa mkasi na mkono wa karatasi pia. Ukiona kiwiko kimetanuka pembeni na gumba limeelekea chini, mwambie tu "gumba juu", au bandika stika ndogo kwenye kucha ya gumba umwambie asiifiche. Na mtoto wa mashoto mtafutie mkasi wa mashoto kwelikweli, ule wa kawaida wembe wake wa juu unamziba asiuone mstari, halafu anaonekana hajui.

Mengine hata usiyaite somo. Watundike michoro yao wenyewe kwenye kamba iliyo usawa wa kifua kwa vibanio vya nguo (jaribu springi kwanza, vingine ni vigumu hata kwako), na angalia kama wanabana kwa ncha ya gumba na ya kidole cha shahada au wanasukumia gumba pembeni ya kidole. Wakamue sponji wafute meza. Wafungue vifuniko vya makopo ya gundi. Wachane karatasi za kubandika badala ya wewe kuzikata nzuri nzuri usiku. Mtoto aokote vifungo kimoja kimoja kwa mkono mmoja avihifadhi kiganjani, kisha avitoe kimoja kimoja kwa gumba mpaka kwenye ncha za vidole, ni kazi ngumu sana hiyo, jaribu uone. Ila kwa walio chini ya miaka 3 kitu chochote chenye upana chini ya sentimita 3 na kidogo hivi kisikae mezani, kinapita kooni.

Najua mtasema muda hautoshi, darasa lina watoto wengi. Ni kweli, zipu moja inakula dakika kadhaa. Basi anza kutoka nje mapema kidogo, na usimfungie yote: mshikizie chini, yeye apandishe. Akishaweza hilo, mwachie na kule kuingiza ncha ya zipu.

Kuhusu mkono upi atumie, wengi wanatulia kati ya miaka 4 na 6, so akiwa anabadilisha badilisha kabla ya hapo mwache. Kinachonitia wasiwasi ni kinyume chake, mtoto ambaye hata miezi 18 hajafika na tayari anatumia mkono mmoja tu huku mwingine umelala au umekaza, huyo apelekwe kwa daktari mapema. Vilevile mtoto aliyekuwa anafungua vifuniko vizuri halafu ghafla hawezi tena, huyo asisubiri muhula uishe.