Machungwa, mswaki wa mti na fizi zinazotoka damu

Msimu uliopita alikuja kwangu mama mmoja muuza machungwa, kitambaa mdomoni. Mimi ni daktari wa kinywa na meno hapa Tanga, na machungwa ya Muheza yakishaingia sokoni hakuna nyumba isiyoyala. Mama huyu alikuwa amepiga mswaki asubuhi akatema damu, kama alivyokuwa akitema kwa miezi kadhaa. Akaniuliza, "Daktari, mimi machungwa nala kila siku, matatu, manne. Hiki kiseyeye mbona hakiponi?"

Swali hilo naulizwa sana, na najua linatoka wapi. Shuleni tulikariri: fizi kutoka damu ni kiseyeye, kiseyeye ni ukosefu wa vitamini C, dawa yake machungwa. Somo lenyewe si uongo. Mwaka 1747 James Lind, daktari katika jeshi la wanamaji la Uingereza, aliwapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau, na kabla ya wiki kwisha wakaanza kusimama. Lakini mabaharia wale walikaa baharini muda mrefu bila tunda wala mboga mbichi. Mtu anayekula mchicha, embe, nyanya na chungwa la Muheza haugui kiseyeye kirahisi. Fizi zake zinatoka damu kwa sababu nyingine.

Nilimpa kioo akishike mwenyewe. Nikapitisha kifaa chembamba ukingoni mwa fizi, kikatoka na kitu cheupe kilicholainika, kama uji uliolala. Nikakipaka juu ya glavu yangu ili akione vizuri. "Mama, hiki ndicho kinachokutoa damu."

Ule ni ukoga. Wengi hudhani ni mabaki ya chakula, kumbe ni vijidudu vyenyewe, mamilioni kwa mamilioni, vimeshikamana kwa utando unaonata kwenye jino. Hata ulisafishe jino ling'ae, baada ya saa chache vinaanza kujipanga upya. Vikikaa ukingoni mwa fizi, mwili unapeleka damu nyingi pale kupambana navyo, fizi inavimba, inakuwa nyekundu, na ukiigusa kidogo tu inatoka damu. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wakiona damu wanaogopa, wanaacha kupasugua pale. Ukoga unaongezeka, damu nayo inaongezeka.

Mwaka 1965 Harald Løe na wenzake, huko Aarhus nchini Denmark, walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi wa udaktari wa meno analijua. Watu 12 wenye fizi nzima waliombwa waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa wamevimba fizi. Waliporudia kupiga mswaki, fizi zilipona kwa muda wa kama wiki moja. Hawakupewa kidonge, wala mizizi ya kuchemsha. Ukoga uliondolewa, mwili ukajitibu wenyewe. Mtu akiniomba dawa ya asili ya fizi, hii ndiyo ninayompa kwanza, na naiamini kwa moyo wangu wote.

Basi tuje kwenye mswaki. Lugha yetu haijasahau kwamba mswaki ni mti. Ule wa plastiki ulikuja baadaye ukarithi jina. Mswaki wenyewe, ambao wataalamu wa mimea wanauita Salvadora persica, huota sehemu kame. Wamaasai wanautumia, Waturkana wanautumia, na Ijumaa nje ya misikiti mingi ya mwambao hukosi mtu aliyepanga vipande vyake juu ya gazeti. Waislamu wana sababu ya ziada: Mtume (S.A.W.) alisema lau si kuchelea kuwatia umma wake uzito, angewaamuru wapige mswaki kwenye kila swala. Wengine hutumia kijiti cha mwarobaini, na wapo wanaopenda mdaa, ambao huacha rangi midomoni.

Mswaki huu wa mti unafanya kazi? Unafanya. Shirika la Afya Duniani liliutambua zamani kuwa njia inayofaa ya kusafisha kinywa, hasa pale unapopatikana kwa urahisi. Ule ukali unaousikia ukitafuna mzizi mbichi wa mswaki, unaofanana na ukali wa haradali, unatokana na kemikali ambayo watafiti wa taasisi ya Karolinska nchini Uswidi waliichunguza na kuchapisha matokeo mwaka 2011: maabara ilionyesha kuwa inaua baadhi ya vijidudu vinavyohusika na ugonjwa wa fizi. Lakini maabara si kinywa. Kinywani kazi kubwa inafanywa na zile nyuzi zinazokwangua ukoga, na nyuzi zinakwangua pale tu mkono unapozifikisha.

Hilo nilionyeshwa na mzee mmoja mvuvi, mtu wa zaidi ya miaka sabini, ambaye hajawahi kununua mswaki wa dukani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akafungua kinywa. Meno yote yapo. Kwa nje yalikuwa safi kiasi cha kunifurahisha. Nikamwomba ruhusa nimpake rangi nyekundu ya chakula, maana rangi hiyo hunasa penye ukoga tu, mahali pengine haishiki. Akasukutua, nikamshikisha kioo. Upande wa nje: karibu mweupe wote. Nikaingiza kioo kidogo nyuma ya meno ya mbele ya chini, kule ulimi unakolala. Pote pekundu, na chini ya wekundu ule ugaga mgumu wa njano, kama chokaa iliyoganda kwenye birika. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe huku nyuma sijawahi kufika."

Pale nyuma ndipo matundu ya mate yanapofungukia, na mate yana madini. Ukoga ukikaa siku chache bila kuguswa, madini hayo yanaugandisha unakuwa ugaga. Ukishakuwa ugaga, hakuna mswaki wala mti wala unga wa aina yoyote utakaoutoa. Unakwanguliwa kwa vifaa, na daktari au tabibu wa meno. Na hapana, kukwangua hakulegezi meno. Meno yanayoonekana kulegea baada ya kusafishwa yalikuwa yamelegea tangu zamani, ugaga ulikuwa umeyashika tu kama saruji.

Tulikaa naye robo saa tukijifunza. Chagua kipande kibichi, unene wa penseli. Kama kimekauka, kilowekwe kwenye maji. Menya ganda sentimita moja tu, utafune taratibu mpaka nyuzi zifunguke ziwe laini. Kwa nje, anzia kwenye fizi ukielekea kwenye ncha ya jino, polepole. Usivute kulia na kushoto kama unapiga msumeno, kwa sababu fizi zinarudi nyuma, mizizi inabaki wazi, na maji ya baridi yanatia ganzi. Kwa ndani, ukunje ule ufagio wa nyuzi kwa meno hadi usimame pembe na kijiti, ndipo uuingize nyuma ya meno ya mbele na kwenye magego. Nyuzi zikichoka, kata, menya upya. Mzee alijaribu mbele yangu mara tatu. Mara ya tatu rangi ilitoka.

Ukiwa na mswaki wa plastiki sheria ni zilezile: laini, dakika mbili, mara mbili kwa siku. Kama nafasi yako ni moja tu, basi iwe usiku. Unapolala mate yanapungua, na mate ndiyo mlinzi wa kinywa. Kinywa kilicholala na ukoga na sukari hakina mlinzi.

Sasa niseme jambo ambalo huwa linawaudhi baadhi ya wagonjwa wangu, nao nawapenda. Neno "asili" halitoshi kunishawishi. Mkaa ni wa asili, nao unakwaruza enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, na enameli ikishalika haioti tena. Weupe unaouona wiki ya kwanza ni madoa yametoka. Ukiendelea, kinachotoka ni jino lenyewe, na rangi ya njano iliyo chini ya enameli inaanza kuonekana. Ndimu ni ya asili. Kwenye simu zinazunguka video za kusugua meno kwa ndimu na magadi soda. Uchachu hupimwa kwa pH, na namba ikishuka ndivyo uchachu unavyozidi. Enameli huanza kuyeyuka pH ya kinywa ikishuka chini ya takriban 5.5, na maji ya ndimu yako kwenye 2 na kidogo. Nawasihi, msifanye. Hata ukila embe bichi la chumvi na pilipili au ukinywa ukwaju, sukutua kwa maji, subiri nusu saa, ndipo upige mswaki.

Tambuu nayo ni ya asili, jani na popoo na chokaa. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka kutafuna tambuu, hata isiyo na tumbaku, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nimeona vinywa vilivyokakamaa visifunguke hata vidole viwili kupita. Kama unatafuna na una kidonda au baka jeupe lisilopona kwa wiki mbili, njoo uangaliwe. Njoo hata kama hakiumi.

Karafuu naiheshimu. Mafuta yake yana yujinoli, ambayo hutuliza maumivu kweli, na sisi wenyewe tunaichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Kila nikifungua kile kichupa chumba kinanukia Pemba wakati wa mavuno. Jino likikuamsha saa nane usiku, tone moja kwenye pamba, juu ya tundu la jino, ni msaada wa haki. Usiimimine kwenye fizi, inaunguza. Na usidanganyike maumivu yakikoma. Mara nyingi jino linaacha kuuma kwa sababu kiini chake kimekufa, na usaha unaendelea kutengenezwa chini kimyakimya. Uvimbe ukishuka chini ya taya kuelekea shingoni, ukashindwa kumeza au kufungua kinywa, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, yanapunguza uvimbe na kusafisha kidonda. Ukitoka kung'oa jino, anza siku inayofuata, siyo siku ileile, kwa sababu utaliondoa donge la damu linaloziba tundu. Mafuta ya nazi ya kusukutua hayana madhara, ila sijawahi kuona yakichukua nafasi ya mswaki.

Kuna moja la asili linalogombaniwa sana: floraidi. Wapo wanaokataa dawa ya meno kwa sababu ina "kemikali". Nimewahi kufanya kazi Arusha, na kule ndiko nilikojifunza kwamba floraidi ni madini yatokayo ardhini, tena kwenye miamba ya volkano yamejaa kupita kiasi. Maeneo kama Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru, watoto hunywa maji yenye floraidi nyingi meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya taya, nayo yanatoka na madoa ya kahawia. Magadi ya kulainishia maharage huongeza. Kijana anasugua meno yake kwa miaka akidhani ni uchafu, kumbe rangi iko ndani ya enameli, na hana kosa lolote. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaikoleza tu. Kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikichuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Lakini kidogo, ikipakwa juu ya jino na kutemwa, floraidi hiyohiyo inairudishia enameli madini kabla tundu halijatoboka. Mswaki wa mti hauna ya kutosha. Ndiyo maana nilimwambia mzee aendelee na kijiti chake mchana kutwa, na usiku atumie dawa ya meno yenye floraidi, ile iliyoandikwa 1000 hadi 1500 ppm. Ateme, asisukutue kwa maji mengi. Mtoto chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Mpaka miaka sita, kiasi cha punje ya njegere, na mtu mzima asimame naye.

Sukari nitaigusa kwa ufupi: shida kubwa ni mara ngapi, kuliko kiasi gani. Chai ya sukari mbili ikinywewa kwa mkupuo mmoja na andazi haiharibu kama ile inayoonjwaonjwa tangu asubuhi hadi adhuhuri, kwa sababu kila funda linawasha uchachu upya, na mate yanahitaji karibu nusu saa au zaidi kuuzima. Kunywa, maliza, kisha maji.

Mama wa machungwa nilimkwangua ugaga kwa siku mbili tofauti. Siku ya kwanza damu ilitoka nyingi, akaniangalia kwa wasiwasi, nikamwomba aniamini wiki mbili. Nilimpima pia sukari ya damu, kwa kuwa kisukari na fizi hugusana sana: kisukari kisichodhibitiwa huchochea ugonjwa wa fizi, na fizi zilizooza huifanya sukari isishuke. Yake ilikuwa sawa.

Alirudi siku ya 16. Nikapitisha kifaa kilekile ukingoni mwa fizi, kutoka gego la mwisho la kulia hadi la mwisho la kushoto. Fizi zilikuwa zimebana meno, rangi imerudi. Sehemu moja tu ilitoa tone la damu, nyuma ya gego la juu, pale mkono wake ulipokuwa bado haujafika vizuri. Nikampa kioo, akapatafuta mwenyewe mpaka akapaona.