Dethi-dumu ni muziki gani? Msikilize Karadimas wa Nightfall, bendi ya Ugiriki

Dumu hapa si la maji. Jina limetoka kwenye Kiingereza, death (mauti) na doom (maangamizi), na ni mitindo miwili ya metali, yaani roki nzito, iliyooana. Dumu ndiyo kongwe. Chimbuko lake ni Black Sabbath ya Birmingham, ambayo mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Kufikia 1971 alikuwa akilegeza nyuzi zisimsumbue, na uzi ukilegea sauti hushuka na kuwa nzito. Dethi ilifuata miaka ya 1980, hasa Florida, ikiwa na kasi ya kutisha na mwimbaji anayenguruma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bendi za kaskazini mwa Uingereza kama Paradise Lost na My Dying Bride zikachukua ngurumo ya dethi na mwendo wa pole wa dumu.

Uzito wenyewe unatokana na kusubiri. Gitaa linapigwa mara moja, linaachwa livume. Ngoma inanyamaza. Kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, kila pigo linachukua sekunde nzima, na sekunde nzima ni ndefu kweli unapongoja kishindo. Mwimbaji naye hapayuki. Anasukuma pumzi kutoka tumboni na kutetemesha nyama zilizo juu kidogo ya nyuzi za sauti. Fundi hunguruma onyesho zima, asiye fundi kesho yake huongea kwa ishara.

Sasa Ugiriki. Nightfall ilianza Athens mwaka 1991, ikiongozwa na Efthimis Karadimas, mwimbaji na mpiga besi. Wenzake wamekuja na kuondoka (mmoja wao, mpiga ngoma George Kollias, alikwenda kupata sifa kubwa akiwa na bendi ya Nile ya Marekani), yeye yupo mpaka leo. Albamu ya kwanza, Parade into Centuries, ilitoka 1992 kupitia Holy Records ya Ufaransa.

Mwenye kupenda dumu halisi anaweza kulalamika kwamba hawa hawatulii. Ni kweli. Waingereza wanakuzamisha kwenye matope wanakuacha humo. Nightfall wanakuzamisha, wanakuvuta, ngoma zinatimua mbio, halafu ghafla kinanda kinabaki peke yake. Juu ya uzito wote huo gitaa la pili linaimba. Linaimba hasa, kiasi kwamba unaweza kulifuatisha kwa mluzi. Sikiliza albamu yao Athenian Echoes ya 1995 uone. Muziki wa mitaani wa Kigiriki, rebetiko, una njia ya sauti iitwayo hitzaz, ndugu wa hijazi ya Waarabu ambayo wapenzi wa taarab ya Unguja wanaijua vizuri. Mimi nadhani masikio yaliyokulia karibu na sauti hizo hayawezi kutengeneza huzuni kavu ya Kiingereza hata yakitaka.

Baada ya albamu ya 2013 walinyamaza miaka minane. At Night We Prey ilipotoka 2021, Karadimas alieleza waziwazi kwamba inahusu sonona, ugonjwa aliopambana nao mwenyewe. Mimi ningeanza na Athenian Echoes, kwa spika za masikioni zenye besi ya kutosha. Spika ya simu inaimeza nusu ya gitaa.