Kwa nini mwenye pointi 14 hukosa chuo kikuu, na mwenye 15 akapata?

Kila mwaka Baraza la Mitihani likishatoa matokeo ya kidato cha sita, stesheneri za Ngamiani hapa Tanga hujaa watu. Vijana wanachapisha matokeo, wazazi wanauliza "ana divisheni ngapi?", na hukumu inatolewa papo hapo. Wani na tuu, huyo wa chuo kikuu. Thrii, tutaona. Foo, mtafutieni veta, yaani chuo cha ufundi stadi. (Kana kwamba veta ni adhabu, fundi umeme mzuri mjini hapa humpati bila kumbembeleza.)

Tatizo ni kwamba vyuo vikuu havidahili kwa divisheni.

Tuwachukue vijana wawili wa kufikirika, wote wamesoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Wa Chumbageni kapata D, E na E. Wa Makorora kapata D ya Historia, D ya Jiografia, na Kiingereza kapiga F. Kwa hesabu ya Baraza, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7, na mwenye pointi chache ndiye aliyefanya vizuri. Kijana wa Chumbageni ana 14 na hana F hata moja. Wa Makorora ana 15. Wote ni daraja la tatu, ambalo huanzia pointi 13 hadi 17, ila mtaani atakayepewa hongera ni wa Chumbageni. Na atakayeruhusiwa kuomba shahada mwaka huohuo ni wa Makorora.

Hapo hakuna njama wala mjomba aliyeko wizarani. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ina hesabu yake inayokwenda kinyume na ile ya Baraza. Kwao A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu, na F haina kitu. Huku mwenye nyingi ndiye bora. Tena hawajumlishi masomo matatu. Wanatazama mawili yanayohusiana na kozi unayoomba, yote uwe umeyafaulu kwa E au zaidi, na jumla yake ifike 4.0. D mbili zinatosha. C na E zinatosha. D na E ni 3.0, na hapo ndipo kijana wetu wa Chumbageni anapokwama. Aliyepata E tatu, ambaye naye ana pointi 15 za Baraza sawasawa na yule wa Makorora, ana 2.0 tu.

Ukikaa na kalamu utagundua jambo ambalo lingewapunguzia watu wengi safari za bure. Aliyesoma masomo matatu akawa na pointi 16 au zaidi za Baraza hawezi kufikisha 4.0, hata uzipange herufi zake vipi. Mwenye 13 au pungufu lazima afikishe, isipokuwa yule adimu mwenye A moja na S mbili, ingawa bado masomo yenyewe yawe yanayotakiwa. Utata uliobaki uko kwenye 14 na 15, na huko kuuliza divisheni hakusaidii chochote. Uliza herufi.

Nionavyo mimi, mfumo huu una mantiki. Baraza linapima mtihani mzima, lakini idara ya historia inataka kujua kama utaimudu historia. Matokeo yake mwanafunzi aliyejitahidi kila somo kwa wastani anaachwa, na aliyetupa somo moja akashika mawili anapita. Unaweza kulalamika, lakini sheria ndiyo hiyo, na F ile nayo ina gharama: kozi yoyote inayodai Kiingereza cha kidato cha sita, wa Makorora asiiguse. Tena 4.0 ni kizingiti cha chini tu. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, na kozi zenye waombaji wengi huwachukua wa juu kwanza.

Tahadhari kwa wenye vyeti vya 2014 na 2015: miaka hiyo kulikuwa na B+, ngazi zikasogea, hivyo C ya wakati ule kwa TCU ni pointi 2, si 3. Kwenu kizingiti ni C mbili.

Sasa wa Chumbageni afanyeje? Anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na wapo wanaofanikiwa. Lakini njia iliyobeba wengi ni stashahada. Vyuo vingi humpokea mhitimu wa kidato cha sita mwenye E moja na S moja, akasoma miaka miwili. Kwa mtu wa HGL aliyeko mkoa huu, Chuo cha Uongozi wa Mahakama kule Lushoto kinafundisha astashahada na stashahada ya sheria. Aliyesoma sayansi ana wakala wa mafunzo ya mifugo, LITA, wenye kampasi yao Buhuri. Mwenye kipaji cha ngoma, uigizaji au uchoraji anavuka hadi Bagamoyo, TaSUBa, chuo kilichoanzishwa 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa. Ukimaliza stashahada na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 kati ya 5, mlango wa shahada inayoendana na ulichosoma unafunguka, na zile D na E za kidato cha sita hakuna anayezidai tena.

Kidato cha nne, hata hivyo, hakikuachi. Hata uwe na GPA ya 4.8, TCU inataka uwe na ufaulu wa masomo manne, D au zaidi. Hata astashahada yenyewe, vyuo huandika wazi kuwa manne hayo yawe yasiyo ya dini, na hapa pwani hilo limewakwaza wengi waliotegemea Maarifa ya Uislamu yawakamilishie idadi. Mwenye pungufu ya D nne anayo njia moja: cheti cha ufundi stadi cha ngazi ya tatu, ambacho kinakubaliwa badala yake. Kwa hiyo ile veta waliyoitaja stesheneri kwa dharau ni ngazi halali ya kupandia shahada.

Aliyeishia kidato cha nne asiogope miaka. Astashahada ya awali, astashahada na stashahada huchukua mwaka mmoja mmoja, kisha shahada ya miaka mitatu: jumla sita. Aliyepitia kidato cha tano na sita hutumia mitano. Tofauti ni mwaka mmoja, na huyu wa kwanza ana fani mkononi akiwa bado njiani. Ada ndiyo shughuli, ingawa tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani kadhaa.

Ipo pia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na chenye kituo hapa Tanga. Hii inampokea mwenye pointi 1.5 za TCU kutoka masomo mawili, yaani E na S. Anatakiwa amalize na GPA ya 3.0 kutoka masomo sita ya msingi, na angalau C katika matatu ya kundi lake: sanaa, sayansi au biashara. Mwenye stashahada yenye GPA ya 2.0 naye anaingia hapo. Si mteremko.

Na watu wazima je? Novemba 1974, TANU ilipitisha Azimio la Musoma, na kwa muda kijana aliyetoka kidato cha sita hakuweza kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Ilibidi kwanza apitie jeshi la kujenga taifa, afanye kazi, na mwajiri na chama wamsemee. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, lakini wazo kwamba kazi nayo ni elimu halikufa. Leo lipo kwenye utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: unawasilisha ushahidi wa kazi zako, unafanya mtihani, ukifaulu unaomba shahada.

La mwisho linawahusu wa stashahada. Kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, na kozi unayoitaka imo. Siku ya kuomba shahada utatakiwa namba ya uhakiki wa tuzo, wanaiita AVN, inayotolewa na NACTVET baada ya chuo chako kuwasilisha matokeo. Bila namba hiyo mfumo wa maombi hauendelei. Iombe mapema na ukifuatilie chuo chako kipeleke matokeo, maana dirisha la udahili likifungwa, utasubiri mwaka mzima.