Ulinganifu wa anwani, na namba inayosomwa nusu

Kumbukumbu ya kompyuta ni safu ndefu ya baiti, kila moja na anwani yake. Namba ya baiti 4 imekaa sawa iwapo anwani inapoanzia inagawanyika kwa 4 bila baki. Ya baiti 8, kwa 8. Huo ndio ulinganifu wa anwani. Anwani 1000 inazifaa zote mbili, 1004 inaifaa ya baiti 4 tu, 1001 haifai hata moja.

Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, hulimaliza jambo hili kimyakimya: baada ya herufi ya baiti 1, huacha baiti 3 tupu ndipo iweke namba ya baiti 4. Wapo wanaoona huo ni upotevu, wakaamuru data ibanwe, yaani ipangwe bila nafasi hizo tupu. Mimi naona baiti hizo 3 ni bei ndogo sana.

Prosesa ya zamani ya Motorola 68000 ilikataa katakata kusoma neno la baiti 2 kwenye anwani witiri. Prosesa za x86, za aina ya Intel na AMD, kwa kawaida zinasoma popote, na ndiyo maana waliozizoea hudhani ulinganifu ni suala la kasi tu. Sivyo. Panapo viini viwili au zaidi, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, ni suala la usahihi.

Tuseme kumbukumbu inabebwa kwa mistari ya kache (mafungu yanayowekwa katika hifadhi ndogo ya kasi ndani ya prosesa) yenye baiti 64, kama ilivyo kwenye x86 za leo, na namba ya baiti 8 inaanzia anwani 60. Baiti 4 zimo mstari wa kwanza, 4 mstari wa pili. Kiini kimoja kinaandika, kingine kinasoma wakati huohuo: msomaji anaweza kupata nusu mpya na nusu ya zamani, yaani namba ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Ingeanzia 56 au 64, Intel inahakikisha tangu prosesa yake ya Pentium kwamba tendo hilo haligawanyiki.

Ukitumia agizo la x86 lenye kufuli, yaani linalozuia viini vingine kuingilia kati, juu ya namba iliyovuka mstari, jibu litakuwa sahihi, ila prosesa hufunga njia nzima ya kumbukumbu na viini vingine vinangoja. Mfumo endeshi wa Linux, tangu toleo 5.7 la mwaka 2020, inaweza kumnasa mwenye kufanya hivyo. Kwenye ARM, aina ya prosesa zilizomo katika simu nyingi, maagizo ya aina hiyo yakipewa anwani isiyolingana kwa kawaida huleta hitilafu, na programu iliyokwenda vizuri miaka mingi kwenye x86 inaanguka siku ya kwanza. Kwa data iliyobanwa, nakili kwanza baiti zake mahali palipolingana, ndipo viini vishirikiane hapo.